Siku ya Kumwanika Mwamvua

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mnaumwa meno? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani, kale kweli, kabla yenu na kabla ya ubishi wenu, palikuwa na kijiji cha watu wenye akili nyingi. Akili ziliwajaa mpaka zikawa zinawamwagikia miguuni. Walijua kila kitu. Na kile wasichokijua, walikijua zaidi.

Kijijini hapo alikuwapo msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, chururu, chururu, akaitwa Mwamvua. Alisuka ukili, alicheka, aligombana na dada zake kama msichana yeyote. Ila alikuwa na kifafa. Yuko hapa anaongea, mara puu! yuko chini. Mikono inatetemeka, miguu inapiga ardhi, ndi ndi ndi, povu linamtoka mdomoni. Kisha kimya. Kisha anaamka, kichwa kizito, mama yake peke yake ubavuni.

Wenye akili wakakaa barazani. Jumbe Chande, mkuu wa kijiji, akashika ndevu zake. Bila kushika ndevu, hekima ilikuwa haishuki.

"Binti huyu anaitwa nani?"

"Mwamvua, Jumbe."

"Alizaliwa lini?"

"Mvua ikinyesha, Jumbe."

"Basi mnaniuliza nini tena? Mvua imemwingia kichwani. Huo ni unyevu!"

"Lo! Unyevu!" wakaitikia wote. "Unyevu mtupu!"

Mmeona raha ya kuongozwa na bingwa?

Sasa, watu hao walikuwa na desturi. Vuli ikiisha na kiangazi kikiingia, walikuwa na Siku ya Kuanika. Kila kilicholowa hutolewa nje. Mtama nje. Muhogo nje. Magodoro ya sufi nje. Na tangu mwaka ule, Mwamvua nje. Akalazwa mkekani, kati ya muhogo na godoro la Jumbe, asubuhi mpaka jioni. Maji hapewi, maana nani anamwagia maji kitu alichokianika? Ikifika adhuhuri wanamgeuza upande wa pili, kama kopa la muhogo.

Na joto la kiangazi mnalijua. Usiku mbu, jasho, usingizi hauji. Kwa hiyo binti hajalala. Binti hajanywa. Jua nalo linamwakia, wa! wa! wa! Akaanguka. Puu! Ndi ndi ndi.

"Unatoka huo!" wakashangilia.

Akaanguka tena.

"Unatoka wote!"

Mwaka uliofuata alianguka mfululizo, akazimia, jioni ikaingia wakidhani amekufa. Alipopata fahamu, Jumbe alishika ndevu. "Tulimtoa mapema," akasema. "Mwakani haondoki mkekani mpaka akauke kabisa."

Mama yake Mwamvua alielewa maana yake. Mwakani mwanawe atafia pale mkekani. Akakimbia kwa Bi Siwatu.

Bi Siwatu alikuwa ajuza, mkubwa kuliko wazee wote wa baraza. Ndiye aliyemkata Jumbe kitovu siku aliyozaliwa, kwa hiyo ndevu zile hazikumtisha.

"Bibi, watamuua mwanangu!"

"Watamuua kwa nia njema," akasema Bi Siwatu. "Na aliye na nia njema hashikiki, maana anajiona mtakatifu. Siku ikikaribia mlaze mapema, umtilie chandarua cha kanga zako. Mpe maji mpaka ayakatae. Mengine niachie mimi."

Siku ya Kuanika ikafika. Mtama nje. Muhogo nje. Magodoro nje. Mkeka wa Mwamvua ukatandikwa. Bi Siwatu akaja na mkongojo wake, ko, ko, ko, akasimama katikati ya uwanja.

"Jumbe, mjukuu wangu. Umesema kweli. Unyevu ni kitu kibaya sana."

"Ahsante, bibi."

"Kila majira yakigeuka, unyevu unamtafuta mtu. Kipupwe kikiingia, pua yako inatiririka mpaka ndevuni. Nasema uongo?"

Wanawake wakaziba midomo kwa kanga.

"Si uongo, bibi," akasema Jumbe kwa sauti ya chini.

"Na hawa wazee wenzako. Wingu halijaonekana, magoti yameshawauma. Si unyevu huo?"

"Ni unyevu," wakasema wazee. Wangesemaje, na neno lenyewe ni lao?

"Basi mbona mnamfanyia Mwamvua upendeleo? Mtoto mdogo aanikwe, wakubwa mbaki mmelowa? Mkeka huo hapo. Tangulieni. Wakubwa kwanza."

Jumbe akitaka kukataa, unyevu unakuwa upuuzi. Akitaka kukubali, jua lile pale. Akalala. Wazee wakalala. Baraza zima likapangwa uwanjani kama dagaa. Mwamvua akakalishwa upenuni, kivulini, mtungi wa maji ubavuni.

Jua likapanda. Wa!

"Bibi, maji kidogo."

"Maji juu ya unyevu? Jumbe, bingwa kama wewe?"

Jua likapanda. Wa! wa!

"Bibi, kichwa kinazunguka."

"Unatoka huo."

Jua likapanda. Wa! wa! wa!

"Bibi, naona Siwatu wawili!"

"Bahati yako. Mmoja ulikuwa humsikii."

Jumbe akajaribu kusimama. Puu! Chali.

Kijiji kizima kikaruka. Kata za maji! Nyungo za kumpepea! "Pole, Jumbe! Mpisheni apate hewa! Mlazeni kivulini!" Neno unyevu halikutoka kinywani mwa mtu.

Wakati huohuo, pale upenuni, mama yake akiwa kisimani, puu! Mwamvua chini. Ndi ndi ndi.

Watu wakarudi nyuma, kama kawaida yao. Walijua, si walijua kila kitu, kwamba povu likikugusa, nawe utaanguka. Kata za maji mikononi, wakasimama mbali kama miti.

Jumbe akafumbua jicho moja. "Mmeona? Yuko kivulini na kaanguka! Bibi, umeshindwa!"

"Sikusema kivuli kinaponya," akasema Bi Siwatu. "Asili ya kuanguka kwake siijui."

Neno hilo, siijui, lilikuwa geni barazani.

"Ninayoyajua ni machache. Joto kali, kiu, usingizi uliokatika, homa ya kipupwe: hayo yanamzidishia. Nanyi mliyakusanya mkayatandika kwenye mkeka. Lakini niambieni jambo moja. Wawili wako chini. Mbona mmoja mmemkimbilia, na mwingine mmemkimbia?"

Akili zote zile zikabaki kutazama kata za maji mikononi mwao.

Ndipo Jumbe akajikokota, mikono na magoti, mpaka upenuni. Akavua kilemba, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa cha Mwamvua.

"Mlaze ubavu," akasema Bi Siwatu. "Usimkandamize. Usimtie kitu mdomoni. Maji asipewe mpaka aamke. Kaa naye tu."

Povu likammwagikia Jumbe mkononi. Watu wakangoja aanguke. Wakangoja. Hakuanguka. Wengine, naamini, walisikitika kidogo.

Mwamvua alipofumbua macho, kwa mara ya kwanza alimkuta ubavuni mtu asiyekuwa mama yake. Akamwomba maji. Akapewa.

Hakuanikwa tena. Siku za joto alifanya kazi alfajiri na kupumzika mchana. Kipupwe kikiingia, akafunikwa nguo nzito na kuangaliwa homa. Aliendelea kuanguka, mara chache, akazeekea palepale kijijini. Jumbe alitangaza kila mahali kwamba shauri la kivuli na maji lilikuwa lake. Bi Siwatu alimwachia. Alikuwa na kazi nyingine.

Nanyi mnaowacheka watu wa kale, chekeni taratibu. Leo ziko zahanati. Ziko dawa za kumeza kila siku. Na bado mtu akianguka sokoni, mwerevu mmoja anataja pepo, wa pili anatoa simu apige picha, wa tatu anatafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Funzo langu ni hili: majira yakigeuka, muulize mwenye kifafa kama amelala, kama amekunywa maji, kama dawa zake zipo. Akianguka, piga goti ubavuni pake na ukae mpaka aamke. Kama huwezi, basi angalau funga mdomo wako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye ubishi aamke nao.