Mwizi wa Wekundu wa Joho

Hapo zamani, zamani ambayo hata waliomhadithia bibi yangu waliisikia kwa wengine, palikuwa na mji uitwao Ngamani, na katika mji huo palikaa mtu aitwaye Ngwali, asiye na shamba, wala duka, wala hata mbuzi wa kufunga mlangoni. Alichokuwa nacho ni mke. Mke huyo, Bi Mwanaiki, alikuwa mtia rangi nguo mwenye sifa mji mzima, na Ngwali alikula jasho lake asubuhi na jioni bila haya. Mwenyewe alikuwa akisema, "Mke wangu anajua kutia rangi, nami najua kutia tonge mdomoni. Kila mtu na kazi yake."

Msimcheke upesi. Mimi ninayewahadithia sithubutu, maana macho yangu yamefika pahali ambapo natafuta sindano hali sindano imekwisha kunichoma. Lakini yaliyompata Ngwali alfajiri moja sina budi kuyasema, kwa kuwa bila hayo hekaya yenyewe haisimami.

Chumba chao cha kulala hakikuwa na dirisha. Alfajiri hiyo adhana ilimkuta Ngwali yu usingizini, akakurupuka, akapapasa kambani, akavuta shuka yake nyeusi, akajifunga, akatoka mbio kwenda msikitini, akapata nafasi safu ya mbele kabisa. Ikawa walipokwisha kuswali, wakatoka nje, na jua likachomoza, watu wakamwona Ngwali amejifunga leso nyekundu ya mkewe, ile ya siku ya arusi, yenye maua na pindo la dhahabu. Lo! Hata imamu alijificha nyuma ya nguzo ili acheke kwa nafasi. Tangu siku hiyo watoto wa mji wakamwita Bi Arusi, naye huwaitikia "Labeka!", kwani alisema jina amepewa bure, atalikataa kwa nini?

Hata hivyo jambo lile lilimkera. Akawa kila alfajiri hutoka uani na kukodolea macho kamba ya nguo za mkewe, ili ajue alikosea wapi. Akaona ajabu. Kabla ya jua kutoka, nguo za buluu ndizo zinazoonekana kwanza, zinachangamka, na zile nyekundu hukaa nyeusi tii, kana kwamba zimeungua. Nuru ikiisha kuenea ndipo wekundu hurudi mahali pake. Hakumwambia mtu. Nani angekaa kumsikiliza Bi Arusi?

Basi mji huo ulikuwa na Sultani, jina lake Mwinyimvua, mtu mzima aliyekwisha kuwazika wengi wa rika lake, lakini ndevu zake zilikuwa nyeusi, nzito, na watu wa baraza lake walizisifu kuliko walivyosifu hukumu zake. Sultani huyo aliketi daima katika ukumbi uliotundikwa mapazia mazito kila dirisha, hapana nuru ila ile inayochungulia upindoni. Alisema jua linaharibu mazulia. Na akitoka nje hujizungushia kilemba mpaka puani, akisema vumbi linamdhuru kifua. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine, nitaisema wakati wake, na mwenye haraka atanivumilia.

Ikawa Idi imekaribia, na Sultani akatamani joho jekundu la kutokea mbele ya watu. Akamwita Bi Mwanaiki uani, wakati wa adhuhuri, naye akaja na vipande vya kitambaa alivyovitia rangi. Sultani, kilemba puani, akachagua kile chekundu kuliko vyote, akanena, "Wekundu huu huu, usipungue hata chembe." Bi Mwanaiki akarudi kwake, akaponda mizizi, akachemsha magome, akalichovya joho na kulianika, akalichovya tena na kulianika tena, mpaka mikono yake ikawa myekundu kuliko joho. Kisha akalipeleka ukumbini, akalikunjua mbele ya kiti.

Sultani akaruka. "Nini hiki? Mimi nimefiwa? Umeniletea joho jeusi siku ya Idi!"

"Maulana, ni jekundu," akasema Bi Mwanaiki.

"Waziri Haidari, hebu tazama wewe!"

Waziri akainama mpaka pua ikagusa kitambaa. "Jeusi, Maulana. Jeusi kama usiku."

Bi Mwanaiki akalichukua joho, akalitoa nje mlangoni, na walinzi waliokuwa juani wakapiga kelele, "Jekundu! Mashallah, jekundu hilo!" Akalirudisha ndani, na wazee wote wa baraza wakaapa kwamba ni jeusi. Akalitoa tena, likawa jekundu. Akaliingiza, likawa jeusi. Watu wakaanza kusoma dua kimoyomoyo.

Ndipo Waziri Haidari, aliyekuwa hodari wa kutoa sababu ya jambo lolote kabla ya kulifikiri, akanena, "Maulana, jambo ni wazi. Baina ya mlango na kiti chako yupo anayeiba wekundu. Na mwanamke huyu ama ni mwizi mwenyewe, ama anamjua mwizi."

Sultani akapiga mkono wa kiti. "Basi sikilizeni amri yangu. Mwizi wa wekundu wa joho langu, na mwenye kumficha mwizi huyo, na mwenye kufaidi wizi wake, wote watafukuzwa katika mji huu, hata angekuwa nani. Nawe mwanamke, usiponiletea mwizi siku ya Ijumaa, utahama wewe, na vyungu vyako vitavunjwa."

Bi Mwanaiki akarudi nyumbani, akaketi chini mbele ya vyungu vyake, akalia. Vilikuwa vyungu vya mama yake, na kabla yake vya bibi yake, na rangi ilikuwa imeingia katika udongo wake hata vikitiwa maji matupu hutoka mekundu. Akaanza kufunga mizigo huku machozi yanamdondoka.

"Mke wangu, usifunge mizigo," akasema Ngwali.

"Nisifunge? Utanifungia wewe? Wewe hata shuka yako hujui kuifunga!"

Neno hilo lilimchoma Ngwali, kisha likamfanya acheke, kisha likamfanya afikiri. Akakumbuka ile alfajiri. Uchungu wa mkewe ukamshika, na hofu ya kulala njaa katika mji wa watu ikamshika vilevile, na mpaka leo haijulikani kipi kilitangulia. Akanena, "Mwanaiki, mwizi huyo namjua. Alishaniibia na mimi. Ijumaa nitakwenda kwa Sultani."

"Mwenyezi Mungu nisaidie," akasema Bi Mwanaiki, "sasa nimekwisha kabisa."

Ijumaa ilipofika, Ngwali akaingia ukumbini na sanduku kichwani, limefungwa kwa kufuli, mkewe nyuma yake na joho mkononi. Mapazia yameshushwa kama kawaida, na watu wameketi katika kiza wanatambuana kwa sauti. Ngwali akapiga goti, na kwa kuwa hakuona vizuri, akalipigia kabati. Watu wakaguna. Akageuka upande wa kiti.

"Maulana, niwie radhi, kabati lako lina haiba ya kifalme. Nimekuja na mwizi."

"Yuko wapi?"

"Yumo sandukuni. Lakini kabla sijamtoa, naomba nisikie tena amri yako, maana kichwa changu hakihifadhi kitu."

Sultani akairudia neno kwa neno: mwizi, na mwenye kumficha, na mwenye kufaidi wizi wake, hata angekuwa nani. Ngwali akashukuru, akamwita mlinzi wa mlango achungulie tundu la ufunguo.

"Umeona nini?" akauliza Sultani.

"Sioni kitu, Maulana. Giza tupu."

"Basi umemwona," akasema Ngwali. "Ndiye huyo."

Waziri Haidari akapaza sauti, "Anatuchezea! Apigwe!"

"Taratibu, mheshimiwa Waziri," akasema Ngwali. "Humu sandukuni nimeweza kumfunga mtoto tu. Baba mtu ni mkubwa, haingii sandukuni. Yumo humu ukumbini, ameketi kila mahali, na hivi sasa amekukalia mapajani."

Waziri akaruka akajipangusa kanzu, na mzee mmoja akahama mkeka.

Sultani akanena, "Ewe Ngwali, giza haliibi."

"Nami nalisema hivyo hivyo, Maulana, mpaka liliponiibia wekundu wa leso ya mke wangu, nikaiona ni shuka yangu, nikaivaa mpaka safu ya mbele ya msikiti."

"Ala! Kumbe Bi Arusi ndiye wewe!"

"Labeka, Maulana."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Sultani akacheka mpaka kiti kikalia. Ngwali akangoja wamalize, kwani alikwisha kuzoea, kisha akanena, "Mwizi huyo ana tabia moja. Hakamatiki kwa pingu wala haogopi bakora, bali ukivuta pazia hukimbia mwenyewe, na alichoiba hukiacha palepale. Maulana, amuru pazia moja livutwe."

Kicheko cha Sultani kikakatika. Mkono wake ukaenda kidevuni. "La! Mazulia yangu yataharibika."

"Nitayakunja mimi, ingawa sina sifa ya kukunja kitu vizuri."

"Na vumbi?"

"Maulana," akasema Ngwali kwa upole, "ni wewe uliyesema kwamba mwenye kumficha mwizi atafukuzwa. Mimi mjinga naliona mwizi yumo ndani, na pazia ndilo linalomficha. Sasa pazia ni la nani, hilo sijui. Kichwa changu hakifiki huko."

Bi Mwanaiki alilikumbatia joho kwa nguvu, akifikiri vyungu vya mama yake na shingo ya mumewe kwa pamoja. Sultani akatazama huku na huku, akaona kila uso unamngoja, akanena kwa sauti ndogo, "Vuteni."

Pazia likavutwa, jua la asubuhi likamwagika ukumbini, na joho likawaka mikononi mwa Bi Mwanaiki, jekundu, jekundu kama alivyoagizwa, halikupungua chembe. "Subhanallah!" wakasema wazee wa baraza. Kisha mmoja baada ya mwingine wakainua macho kumpongeza Sultani, na mmoja baada ya mwingine wakafumba midomo.

Maana ndevu za Sultani hazikuwa nyeusi. Zilikuwa rangi ya boga lililoiva, na kwenye mizizi zimeota mvi nyeupe pe.

Sasa niwaambie ile sababu. Kinyozi wa Sultani alikuwa akimpaka hina kwa siri, naye alimwapia kwamba hina yake inatoa weusi, ila jua likizipiga ndevu zitachuja rangi. Sultani akajitazama katika kioo humo humo ukumbini, akaona weusi, akaamini. Kwa ajili hiyo alitundika mapazia, na kwa ajili hiyo alijifunga kilemba puani. Kinyozi huyo alikuwa karibu na mlango, na hapo akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyumbani, akatoka bila kuaga.

Waziri Haidari akatazama dari. Sultani akaona macho ya watu yamekwama kidevuni mwake, akasema, "Nileteeni kioo." Kikaletwa. Akajitazama. Akajigeuza upande huu, akajigeuza upande ule, akavuta ndevu kama anayetumaini zitatoka.

"Ngwali," akanena, "useme kweli. Mwizi huyu, wizi wake nani kaufaidi?"

Ngwali akanena, "Maulana, mimi aliniibia wekundu mmoja akanivua heshima mbele ya mji mzima. Wewe alikuibia wekundu wa aina mbili. Wa joho ulimshtaki. Wa ndevu hukumshtaki."

Bi Mwanaiki akafumba macho, akisubiri kusikia upanga unachomolewa. Badala yake akasikia kitu kama kikohozi, kisha kitu kama mtu anapaliwa, na alipofumbua macho alimwona Sultani anacheka, tena anacheka peke yake, wengine wanaogopa kumwitikia.

"Basi nimekwisha!" akasema Sultani, machozi yanamtoka. "Mwizi namficha mimi, wizi naufaidi mimi, na amri niliitoa mimi. Kesho nitaonekana njiani na kifurushi begani! Na nikivaa joho hili pamoja na ndevu hizi, watu hawatajua nguo imeishia wapi na mimi nimeanzia wapi!" Hapo ukumbi wote ukapasuka kwa kicheko, hata Waziri, aliyeanza mwisho na kunyamaza kwanza. Sultani akanena, "Nimeifuta amri yangu, na wote waliomo ndani yake nimewasamehe, nikianza na nafsi yangu. Mwanamke, rudi kwenye vyungu vyako, hapana atakayevigusa. Mapazia yote yaondolewe madirishani. Nawe Bi Arusi, omba utakalo."

Watu wakadhani ataomba shamba. Ngwali akajikuna kichwa, akanena, "Maulana, naomba dirisha. Chumba changu hakina, nami nachelea kurudi safu ya mbele na leso."

Basi Sultani akatuma waashi, wakatoboa ukuta wa chumba cha Ngwali, wakatia dirisha kubwa upande wa macheo. Na Idi ilipofika, Sultani akatoka juani katika joho jekundu, kilemba kichwani tu, ndevu zake nje, na mji mzima ukampenda zaidi ya zamani.

Ama Ngwali, asubuhi ya kwanza ya dirisha lake aliamka nuru imejaa chumba, akavaa shuka yake nyeusi bila kukosea, akajiona mtu kati ya watu. Akamgeukia mkewe kwa majivuno. Bi Mwanaiki alikuwa ameketi kitandani, anamtazama. Akamtazama kipara, akamtazama kitambi, akamtazama meno yaliyobaki, muda mrefu, kwa nuru nzuri ya asubuhi.

"Kumbe ndivyo ulivyo, mume wangu," akasema.

Kisha akainuka, akajitanda leso yake nyekundu, akashika njia mpaka kwa Sultani, akabisha hodi, akauliza yale mapazia mazito yaliyoondolewa ukumbini, kama bado yapo, na kama anaweza kupewa moja.