Nahodha wa Chelezo cha Bi Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Mto ulikuwapo?
Ulikuwapo!
Na jangwa je?
Likauzunguka! Haya, sogeeni nyuma kidogo, msije mkalowa.

Hapo kale Bi Pimbi aliishi na wanawe watatu kwenye majabali, pale korongo refu la jangwani linapoishia. Mwaka huo hapakuota hata unyasi. Watoto wakakonda mpaka kulia kukawashinda. Bi Pimbi akapanda korongo siku nne kwa miguu mpaka kwenye mitende, akajaza gunia la tende, akafunga magogo, akapata chelezo cha kurudia kwa mto. Abiria wake alikuwa mmoja, Babu Kobe, aliyechoka kutembea tangu ujana wake.

Kabla hawajang'oa nanga, puu! Nyani dume huyo juu ya chelezo, mabega mapana, tumbo lisilojua shukrani.

"Mnaenda wapi na tende zangu?"

Bi Pimbi akaitazama ile mikono. Mwenye nguvu mpishe.

"Tulikuwa tunatafuta nahodha, Mjomba."

"Nahodha hupata nini?"

"Desturi ya mto huu, nahodha hula kwanza."

"Basi ndiye mimi."

Wakaenda. Maji shwaa, shwaa! Kuta nyekundu zikapanda, mbingu ikabaki kipande chembamba. Wakafika kona ya kwanza.

"Nahodha hula lini?"

"Kwanza, Mjomba."

Nyamu, nyamu, nyamu! Kona ya pili.

"Nahodha hula lini?"

"Kwanza, Mjomba."

Nyamu, nyamu, nyamu! Bi Pimbi alisukuma upondo huku moyo ukimuuma, maana kila tende iliyopita kooni mwa Nyani ilikuwa ya mwanawe.

Kona ya tatu, gunia limebaki nusu, wakasikia maporomoko yakinguruma mbele. Bi Pimbi akaruka jabalini na kamba, akakivuta chelezo. Juu kule vichwa vitatu vikachungulia. Nyani akakumbatia gunia, akainua mguu ashuke.

"Utavunja desturi, Mjomba? Abiria kwanza, mzigo pili, nahodha mwisho. Akitangulia mzigo si nahodha tena, na safari ijayo atakula makombo."

Nyani akaifikiria safari ijayo. Akaketi.

Babu Kobe akashusha mguu mmoja. Akapumzika. Akashusha wa pili. Akapumzika.

"Fanya upesi, mzee."

"Haraka haraka haina baraka, Nahodha."

Alipomaliza, Nyani mwenyewe akalirusha gunia jabalini, puu! Bi Pimbi akainama, akafungua fundo kwenye chelezo, akaanza kuikunja kamba taratibu. Chelezo kikajongea.

"Bi Pimbi, kamba!"

"Kamba nayo ni mzigo, Nahodha. Hushuka kabla yako."

Shwaaa! Chubwi! Nyani akaibuka, akazama, akaibuka, na hakugusa nchi kavu mpaka mwendo wa siku tatu mbele. Yuko hai, msimhurumie sana.

Watoto walikula wakalala palepale, tende mkononi. Bi Pimbi akazihesabu zilizosalia, akaona zitawafikisha kwenye mvua, akacheka peke yake kwa furaha.

Ngano yangu imetia nanga. Funzo lake, wanangu, ni hili: ukipewa unahodha usikatae. Mnaona wenyewe, abiria waliishia jabalini, nahodha ndiye aliyefika mbali.