Badili Rangi, Uache Mikunjo

Mmewasikia watu wakisema, "Badili rangi, uache mikunjo," nanyi mnataka kujua msemo huu umetoka wapi. Msiutafute kwa wahenga, wanangu. Waliokuwapo ulipozaliwa wangali hai, na kisa chenyewe ni hiki.

Palikuwa na binti wa Lushoto aitwaye Mwantumu, aliyeajiriwa Tanga mjini katika ofisi ndogo ya watu wanaotengeneza michezo ya kompyuta. Wakati huo walikuwa wakimalizia mchezo wa vita kati ya watu wa mlimani na watu wa bondeni. Sura za wahusika zilichorwa na Mzee Hoza, fundi mkongwe asiyependa maneno mengi. Kila sura ilimchukua wiki nzima. Mwantumu alikuwa na miezi mitatu pale, na kazi yake ilikuwa kupanga picha za wenzake kwenye kompyuta. Alitamani sana siku moja na mkono wake uonekane.

Siku hiyo ikafika. Waamuzi wa mashindano walikuwa waje saa tisa alasiri kuamua kama mchezo ule utaingia kwenye tamasha la michezo ya kompyuta. Asubuhi, watu walioujaribu wakaleta lawama moja: majeshi yote mawili yamevaa buluu, mchezaji anampiga ndugu yake akidhani ni adui. Mkuu wa ofisi, Bwana Kilongola, akaja mbio kwenye meza ya Mwantumu. Mzee Hoza alikuwa na udhuru, asingefika kabla ya mchana.

"Watu wa bondeni ni kumi na wawili," akasema. "Wote wavae nyekundu ya udongo kabla ya saa tisa. Utaweza?"

"Nitaweza," Mwantumu akajibu, hata kabla hajajua ataanzia wapi.

Moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Alichagua nyekundu iliyoiva vizuri, akashika brashi ya kwenye kompyuta, akaanza kupaka. Buluu ikafunikwa, shuka baada ya shuka. Kufikia saa sita alikuwa amemaliza sura saba, na kila akifungua nyingine alihisi kama anafungua zawadi. Hakuna ambaye angeshindwa kumtambua adui sasa.

Mzee Hoza akaingia. Mwantumu akamwamkia, "Shikamoo, mzee," kisha akasogeza kiti ili naye aone. Mzee akaitikia, akainama, akatazama kwa muda mrefu picha ya mama mkuu wa bondeni.

"Binti, huyu mama amekaa au amesimama?"

Mwantumu akatazama. Uso ulikuwa uleule, mikono ileile, lakini chini ya shingo palikuwa na bamba jekundu, kama ubao uliopakwa rangi. Magoti hayakuonekana. Kiuno hakikuonekana. Akajikuta hajui.

"Alikuwa amekaa," akasema polepole.

"Alikuwa anainuka," mzee akamsahihisha. "Amesikia vita mlangoni, ameshika goti, anainuka. Ni nini kilichokuwa kikitwambia hayo?"

Mwantumu akafungua picha ya awali. Pale penye goti shuka lilivutika, vivuli vikakimbilia pajani kama vijito. Hapo akaelewa. "Mikunjo," akasema. "Nimeifukia."

Alitarajia kukemewa. Mzee Hoza akavuta kiti, akakaa kando yake. "Rangi ni yako, mimi siitaki buluu tena. Nyekundu uliyochagua ni nzuri kuliko yangu. Ila nguo ikichovywa rangi, mikunjo haifutiki. Tafuta namna ya kuchovya, usipake."

Saa saba ilikuwa imepita. Mwantumu akafuta sura zote saba akaanza upya. Safari hii aliacha mchoro wa mzee chini kama ulivyo, akaweka nyekundu katika tabaka jembamba juu yake, mfano wa kitambaa chepesi. Mara vivuli vikapenya. Goti likarudi. Mama mkuu wa bondeni akainuka, sasa amevaa nyekundu, na Mwantumu akacheka peke yake kwa namna mama yule alivyopendeza. Mzee akawa anamtajia, "Hapa vivuli vimepauka, viongezee weusi kidogo. Pindo la dhahabu liache." Mmoja akisema, mwingine akitenda, hakuna aliyekumbuka chakula. Sura ya kumi na mbili ilikamilika waamuzi wakiwa wanapanda ngazi.

Mwamuzi mkuu alikuwa mama wa makamo. Alicheza kimya mpaka akafika kwa mama wa bondeni, kisha kidole chake kikasimama.

"Huyu anainuka," akasema. "Nami nataka kujua anakwenda kufanya nini."

Mwantumu aliushika mkono wa Mzee Hoza chini ya meza, na mzee hakuuondoa. Mchezo ukapita.

Miezi michache baadaye Bwana Kilongola alileta utaratibu mpya wa kazi, akataka pia kuondoa kikao cha asubuhi ambapo wakubwa na wadogo walikosoana bila woga. Mwantumu, ambaye zamani asingethubutu kufungua kinywa, akasimama mbele ya wote.

"Utaratibu tunaupokea, bwana mkubwa. Lakini badili rangi, uache mikunjo."

Bwana Kilongola akakiacha kikao kiendelee kama zamani. Waliokuwapo wakautoa msemo ule nje, ukafika kwa washonaji, kwa walimu, kwa wakwe wanaopokea bibi harusi mwenye mila zake. Basi nanyi mkikabidhiwa kazi ya mtu mkaambiwa muifanye mpya, ifanyeni mpya kweli, msiogope. Ila tazameni kwanza ni nini kinachoifanya iinuke. Badili rangi, uache mikunjo.