Nusu Kidole Mara Tatu

Paukwa!

— Pakawa!

Mwenye masikio yupo?

— Yupo!

Na mwenye kuyatumia?

Mbona kimya? Basi hadithi hii ni yenu.

Hapo kale palikuwa na mji uliokaa ubavuni mwa mlima. Chini yake bonde, na ng'ambo ya bonde kilima kifupi chenye majani na mbuzi, basi. Mfalme wa mji alipenda elimu kama mtoto apendavyo sukari. Alijenga nyumba tatu. Moja akampa Mwalimu wa Maji, moja Mwalimu wa Mbao, moja Mwalimu wa Wadudu. Akawawekea sheria: "Msiniletee vijimambo. Dalili isiyofika upana wa kidole si dalili."

Wenyewe wakajiongezea ya pili: mwalimu haingii kwa mwenzake. Mtu wa maji kusemea mbao ni sawa na mgeni kufunua chungu cha watu.

Aliyeingia nyumba zote tatu alikuwa mmoja tu, Kidawa, mpishi wao. Mjane, watoto watano, mgongo unamuuma. Nyumba yake ilikuwa ya juu kabisa, mlima ukianguka unaanza naye.

Siku moja alimpelekea uji Mwalimu wa Maji. Akaona tope limetuama ndani ya mtungi wa maji ya chemchemi.

"Mwalimu, mvua haijanyesha mwezi mzima. Tope hili latoka wapi?"

"Nimelipima. Nusu kidole. Si dalili."

"Jana halikuwapo."

"Kidawa, uji unapoa."

Akaenda kwa Mwalimu wa Mbao. Mlango ukagoma, akausukuma kwa nyonga.

"Mwalimu, mlango wako umekwama."

"Fremu imepinda nusu kidole. Si dalili."

"Na wangu umekwama tangu juzi."

"Wanao wanaubembea. Uji uko wapi?"

Akaenda kwa Mwalimu wa Wadudu. Akamkuta kalala kifudifudi, anatazama sisimizi. Wanateremka mlima, kila mmoja na yai mdomoni.

"Mwalimu, hawa wanahama!"

"Msafara mwembamba. Nusu kidole. Uji weka hapo, na usiwakanyage."

Kidawa hakupiga kelele. Mwenye watoto watano anajua: mtoto akilia ana njaa, akinyamaza ghafla kimbia ukamtazame. Aliuosha mtungi mara tatu, na mara tatu tope likarudi. Aliwauliza wanawe nani anabembea mlango, fimbo mkononi, na hakuna aliyekuwa na hatia. Kisha akavuka bonde, mgongo wake huo huo, mpaka kibanda cha wachunga mbuzi. Maji yao safi. Mlango wao unafunguka ukiugusa tu. Sisimizi wao? Wanapokea wageni.

Ndipo akaenda kwa mfalme. Juu ya mlango wa mfalme palichongwa maneno mazuri: *Usipoziba ufa utajenga ukuta.* Ufa ulipita katikati ya maneno hayo. Nusu kidole.

"Mfalme," akasema Kidawa, "nusu, na nusu, na nusu, ni kidole kimoja na nusu. Mlima unatembea. Tuhame."

Walimu walicheka mpaka vilemba vikalegea.

"Kidole cha tope hakijumlishwi na kidole cha mlango!"

"Wala cha mlango na cha sisimizi!"

"Mama, rudi kwenye sufuria!"

Mfalme akapangusa machozi ya kicheko. "Niletee kidole kizima, Kidawa. Cha kitu kimoja."

"Kikiwa kizima, mfalme, kitakuwa juu ya kichwa chako."

Wakamtoa nje. Hakulia. Kulia kunataka nafasi, na yeye alikuwa na wali jikoni.

Jioni akawapakulia walimu. Akamwambia wa Maji, "Nasikia mwenzako wa Mbao ameona kidole kizima, ng'ambo, kilima cha mbuzi. Anakwenda alfajiri. Atavikwa joho." Akamwambia wa Mbao kwamba ni wa Wadudu. Akamwambia wa Wadudu kwamba ni wa Maji. Wote watatu wakaacha wali.

Alfajiri wakavuka bonde, kila mmoja na kipimo chake, kila mmoja akijifanya hawaoni wenzake. Mfalme akasikia walimu wote wameondoka. Akaogopa kupitwa. Akafuata na ngoma. Ngoma iendako, mji huenda. Kidawa akapita mlango kwa mlango, waliobaki akawaambia ng'ambo kuna pilau, kisha akafuata na watoto wake watano.

Wakapima asubuhi nzima. Hakuna kitu.

"Nani kasema kuna kidole hapa?"

"Kidawa!"

"Kidawa!"

"Kidawa!"

"Mshikeni!" akaguta mfalme.

Mlima ukaguna. Ukaguna tena. Mara ya tatu haukuguna, ulikuja. Ulichukua nyumba ya Kidawa, ukachukua nyumba tatu za elimu, ukachukua jumba la mfalme na maneno yake mazuri. Vumbi likapanda. Kidawa akahesabu vichwa: watano. Akahesabu tena.

Mnadhani walimu waliona haya? Ngojeni.

"Tope niliona mimi!" akasema wa Maji.

"Mlango niliona mimi!"

"Na sisimizi ni wangu!"

Mfalme akawavika majoho matatu. Akaanzisha na kazi mpya, Mwalimu wa Kujumlisha. Akampa mpwa wake, kijana hodari, anahesabu mpaka nne bila kusaidiwa. Kidawa alipewa sufuria. Akaipokea, ya zamani ilikuwa chini ya mlima.

Akajenga nyumba kwenye kilima cha mbuzi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, hufungua mlango na kuufunga, taratibu, akisikiliza. Nje walimu wanne wamepanga foleni.

"Mama Kidawa, mlango unasemaje leo?"

"Unasema mmekuja mikono mitupu na kuni zimekwisha."

Nami nimekwisha. Iliyokuwa tamu gawaneni, iliyokuwa chungu mmeze. Atakayetoka wa mwisho afunge mlango. Ukikwama, aniite.