Ngoma Iliyofika Mwisho Peke Yake

Kulikuwa na kwaya moja, wapendwa, iliyokwenda studio kurekodi wimbo wa shukrani. Wao walizoea kuimba bila ala, basi wakaimba sauti tupu mpaka mwisho, wakafuta jasho. Prodyuza akawaambia, "Kaeni hapo, sasa niwatilie ngoma."

Mnawajua mafundi hawa. Akafungua kompyuta, akaipa ngoma mapigo tisini na sita kwa dakika, mwanzo hadi mwisho, akabonyeza. Ubeti wa kwanza, safi. Wa pili, watu wanatikisa vichwa. Wa tatu, balaa! Ubeti huo aliuongoza mama mmoja, wenzake wakimwitikia kwa chini, na ngoma ikamwacha. Ikakimbia, ikamaliza wimbo, ikanyamaza, huku kwaya nzima bado inaimba.

Prodyuza akageuza kiti. "Huyu mama anachelewa. Ubeti wake naukata."

Mama alijifunga khanga vizuri, akainuka aondoke. Ungekuwa wewe, ungebaki?

Mwalimu wa kwaya akasema, "Mwanangu, kabla hujakata, umesikia anachoimba?"

"Mimi nasikiliza mapigo, mwalimu."

"Basi sikiliza maneno. Hapo anamshukuru Mungu kwa miaka tisa aliyokaa na binti yake. Tulimzika Machi. Kila akifika hapo sauti inamkwama, na sisi sote tunapunguza mwendo. Hatuchelewi, mwanangu. Tunamngoja."

Prodyuza akaizima ngoma. Akaisikiliza sauti ya yule mama mara moja, akairudia. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari wa mwendo, umenyooka kama rula. Akaanza kuuinamisha. Mama anapoanza, mapigo themanini na nane. Anapotaja jina la mtoto, sabini. Anapovuta pumzi, akapunguza tena. Kisha kwaya inapompokea, akaupandisha: themanini, tisini, mpaka mia moja na nne, maana kule mwisho mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwakimbiza wenzake!

Akabonyeza. Ndugu zangu, ngoma ilimngoja! Ilitembea naye pole pole penye kaburi, ikapanda naye, na walipofika kiitikio cha mwisho mama alikuwa amerudi katikati ya chumba, anaimba juu ya sauti yake mwenyewe, na prodyuza anapiga makofi kwa machozi. Hakuna neno lake hata moja lililokatwa.

Najua mnachongoja niseme. Kwamba prodyuza ni Mungu, na sisi ni yule mama. Wengine mmeshatoa leso. Zirudisheni! Leo sisi ndio ngoma.

Nani humu alimwambia mjane, "Arobaini imepita, inatosha kulia"? Nani alimuuliza aliyeacha pombe juzi mbona haombi kama sisi? Tulimaliza wimbo peke yetu, tukageuka na kumwita mwenzetu mzembe. Tulitaka hata ubeti wake ukatwe!

Lakini asifiwe Bwana, maana mwendo wetu unabadilika! Unamjua uliyemwacha nyuma. Jina lake limekujia sasa hivi. Ukitoka hapa mfuate, upunguze mwendo, uimbe naye pale pagumu. Halafu ujifunge mkanda, maana mtu aliyesubiriwa akipata nguvu hashikiki, na wewe ndiye utakayekuwa unamkimbilia!