Mafuta ya Subira

Hapo zamani, siku zile Korogwe ilipokuwa na gari moja tu la kukodi bila dereva, palikuwa na mshonaji aitwaye Abedi Singano. Singano ni jina la ukoo wake. Hakupewa kwa ajili ya sindano, ingawa watu walipenda kudhani hivyo. Gari lenyewe lilikuwa la Hemedi Kupaza, la kijani, na ubavuni limeandikwa Subira. Aliyelitengeneza kila lilipougua ni fundi Yosia Mntangi.

Binti yake Singano, Mwanahawa, alijifungua katika hospitali ya Lushoto. Singano akataka kumleta nyumbani yeye na mtoto. Akaenda kwa Kupaza kukodi Subira, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuweka rehani, akaweka cherehani yake, mkono wa shati la shule ukiwa bado chini ya sindano.

Kupaza akampa ufunguo, fundi Yosia amesimama hapo hapo akisikia. Kupaza akamwambia, "Ukifika Mombo tia mafuta. Kwenda tia, kurudi tia. Usisahau."

Singano hakusahau. Wakati wa kwenda alisimama Mombo akatia petroli. Wakati wa kurudi, wakishuka mlima baada ya Soni, taa nyekundu ikawaka mbele yake. Akajisemea kwamba hayo ndiyo mafuta yenyewe, atatia Mombo. Alipofika Mombo akaomba mafuta, na muuzaji akachungulia tangi akacheka.

"Limejaa hili, mzee. Nikutilie mfukoni?"

Singano naye akacheka, akaondoka, na taa inawaka. Kabla ya Makuyuni injini iligonga mara tatu, ikanyamaza.

Fundi Yosia alipoifungua aliikuta kavu, haina hata tone la oili. Injini imekufa, akasema. Kupaza akasema aliyeiua ni mteja, na cherehani haitatoka mpaka Subira ingurume. Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa. Sare za watoto zilikuwa kwa Singano, zimekatwa, hazijashonwa, na nyumba yake haikuwa na riziki nyingine ila cherehani ile.

Wakapelekana kwa Bi Zaina Shemdoe, aliyekuwa akisuluhisha watu wa mtaa. Akaagiza cherehani iletwe, ikawekwa katikati yao.

Kupaza akasema, "Nilimwambia mafuta. Gari ni injini, na injini ni mafuta yake. Nimfundishe mtu mzima?"

Singano akasema, "Nami nilitia mafuta. Tangu nizaliwe, nikisema mafuta kituoni hutiwa petroli. Kama alitaka oili, angesema oili."

Fundi Yosia hakutaka kusema, mpaka alipoulizwa. Alieleza kwamba mwezi uliopita alimwambia Kupaza injini inakunywa oili na ipumzishwe, akajibiwa asubiri Idi ipite. Na siku ya ufunguo alitambua kuwa mshonaji hakuelewa.

"Mbona ulinyamaza?"

"Mwenye gari alikuwa akizungumza na mteja wake, mama. Ningemdakia maneno?"

Bi Zaina akamgeukia Singano. "Cherehani yako, mwanangu, huitii mafuta?"

"Kila asubuhi."

"Petroli?"

Watu wakacheka, hata fundi Yosia. Singano akaitazama cherehani yake.

"Lakini cherehani haina tangi, mama," akasema. Angeweza kuishia hapo, kwa maana habari ya taa waliijua yeye na Mwanahawa tu. Akaendelea. "Na taa nyekundu niliiona tangu Soni. Mombo nilipoambiwa tangi limejaa, moyo uliniambia kuna jambo. Mvua ilikuwa inanyesha na mjukuu ana siku nne. Sikusimama."

Kupaza akasema, "Mmesikia." Bi Zaina akamtazama Kupaza, akamtazama fundi, akamtazama mshonaji.

Nanyi mmesikia kama alivyosikia yeye. Mmoja alilijua gari lake kuwa bovu, akalikodisha kwa neno lenye maana mbili. Mmoja alijua, akanyamaza. Mmoja aliona, akaenda zake. Jumatatu inakuja, na shati lina mkono mmoja.

Je, ni nani aliyeiua injini ya Subira, na cherehani ile iondoke na nani?