Jina Lililoahidiwa Ukunguni

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya kale sana, maana magari yalikuwa yameshajaa barabarani na watu wameshazoea kuishi mbali na kwao, palikuwa na mwanamke wa Kipemba akiitwa Zuwena. Aliishi na mumewe Ussi katika mji wa Coventry, katikati ya Uingereza, mahali ambapo bahari haionekani wala hainusiki. Walikuwa na mtoto wao wa kiume, Nassor, aliyekuwa ndio kwanza ameanza skuli. Alikuwamo pia Bi Mize, mama yake Ussi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akawa anawajua watu kwa sauti zao. Na alikuwamo Warda, binti wa Ussi kwa mke wake wa kwanza, marehemu Asya. Warda alikuwa msichana mkubwa, mtulivu, hana neno na mtu. Lakini hakupata kumwita Zuwena mama. Alimwita Mama Nassor, na Zuwena akaitika hivyo hivyo, miaka ikapita.

Basi kiangazi kimoja, skuli zimefungwa na Zuwena ana mimba kubwa, Ussi akasema waende wakaione bahari kule Welisi, upande wa magharibi. Wakapakia mikeka, sambusa na chupa kubwa ya chai, wakaondoka asubuhi. Walipovuka kuingia Welisi, barabara ikawa nyembamba, inapanda na kushuka baina ya kuta za mawe. Kila penye kona palikuwa na neno limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya lami: ARAF. Warda alimsomea bibi yake herufi moja moja. Bi Mize akauliza kama wana hakika ni njia ya kwendea matembezi, maana Aarafu anayoijua yeye kutoka darasani ni pale wanaposimama wasiokuwa wa Peponi wala wa Motoni, wakingoja. Ussi akacheka, akamweleza kwamba kwa Kiwelisi maana yake ni punguza mwendo. Bi Mize hakucheka. Kila neno lile lilipopita chini ya magurudumu, Zuwena alimwona akitikisa midomo.

Walifika kumetulia, jua kali, hapana upepo. Maji yalikuwa yamekupwa mpaka yakawa mstari tu wa fedha huko mbali, na mchanga umetandaa mtupu. Katikati ya mchanga zilichomoza mbavu nyeusi za merikebu iliyovunjika zamani. Mwanamke aliyekuwa akiuza askrimu penye maegesho aliwaonya wasifike kwenye zile mbavu, kwa sababu bahari ya pale ikirudi haiji kwa mbele peke yake. Hujaza mifereji nyuma ya mtu, akageuka akakuta njia hana. Ussi alimshukuru, akatandika mkeka karibu na mawe, akala, akalala.

Nassor alitaka kuokota kombe za pwani. Zuwena hakuweza kutembea mbali, akamwomba Warda ampeleke lakini asimwachie mkono. Wakaenda. Zuwena aliwatazama wakizidi kuwa wadogo. Wakafika kwenye zile mbavu za merikebu, naye akawa anajiambia atawaita sasa hivi, atawaita sasa hivi.

Ukungu ulikuja kabla hajaita. Haukutanda kama ukungu wa asubuhi. Ulikuja umesimama, kama ukuta, ukitokea baharini, na mbele yake kuna baridi. Ukameza merikebu, ukameza mchanga, ukafika miguuni kwa Zuwena. Watu wengine pwani pale wakawa sauti, kisha sauti nazo zikakoma.

Warda akatokea mbio, peke yake. Alieleza kwa pumzi za kukatika kwamba aliuachia mkono wa Nassor kidogo tu, apige picha, na alipogeuka hakumwona. Nyayo zake alizifuata, na zikaishia kwenye maji. Maji yalikuwa yanarudi.

Zuwena alisimama. Hakumpiga Warda wala hakumlaumu. Aliuelekea ule ukungu, ameshika tumbo kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake:

"Yeyote atakayenirudishia mwanangu, huyu aliyemo tumboni jina lake atalitoa yeye. Hiyo ni nadhiri yangu, na sirudi nyuma."

Kisha akaita, "Nassor."

Na kutoka ukunguni sauti ikaitika, "Bee."

Akaita tena. Ikaitika tena, "Bee," nyororo, mkono wa kulia, wala si mbali. Ussi alikwishaamka, akataka kuikimbilia. Bi Mize akamkamata kanzu.

"Huyo si Nassor," alisema. "Nassor nimemfundisha mwenyewe kuitika, na yeye huitika naam. Anayeitika bee ni mwanamke."

Zuwena alihisi nywele za shingo zikisimama, kwa sababu katika pwani ile yote hapakuwa na mtu mwingine wa kuitika Kiswahili. Bi Mize akainamisha kichwa, akaomba Zuwena aite mara nyingine. Akaita. Sauti ya kike ikaitika. Na chini yake, nyuma yake, dhaifu kama mtu aliyefunikwa blanketi, Bi Mize akasikia naam. Wengine hawakuisikia. Akanyoosha mkono wake upande wa kushoto, palipokuwa na maji, akasema yule mtoto yuko huku.

Warda hakungoja kuambiwa. Alivua viatu akaingia. Ussi alitaka kumfuata, lakini akaona kwamba hata wakimpata mtoto, hakuna atakayejua pwani iko upande gani. Akakimbilia gari, akaligeuza uso kuelekea baharini, akapiga honi. Aliiminya bila kuachia. Ikalia mpaka ikakauka, ikawa kama mnyama mgonjwa, naye hakuondoa mkono.

Zuwena alikaa chini mchangani karibu na mkwewe. Alisikia honi na maji, na baina ya hivyo viwili ile sauti nyororo, ambayo sasa ilikuwa inaitika hata bila ya kuitwa.

Muda gani ulipita, hakuweza kusema. Warda alitoka ukunguni amelowa mpaka mabegani, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau, na Nassor yuko mikononi mwake. Zuwena akampokea, akampapasa kichwa, mgongo, miguu. Akampapasa mara ya pili. Warda alimkuta amesimama mahali ambapo maji yalimfika Warda mwenyewe kifuani. Nassor kimo chake kilikuwa cha kiunoni kwa dada yake. Na shati la Nassor lilikuwa kavu.

Walipokuwa garini, madirisha yamefungwa na ukungu umebaki nyuma, Nassor alizungumza. Hakulia wala hakutetemeka. Alisema kuna mwanamke alimpakata ubavuni maji yalipokuja. Sauti ya Nassor mwenyewe ilikuwa haitoki vizuri, kwa hivyo yule mwanamke akamsaidia kuitika. Nywele zake zilikuwa za baridi. Hakumwachia mpaka Warda alipomgusa.

"Amesikia ulivyosema, mama," Nassor alisema. "Amefurahi. Ameniambia jina lake, nije nikupe."

Akalitaja. Halikuwa jina la Kipemba, wala la Kiingereza, wala hakuna aliyepata kulisikia. Bi Mize akaomba lisitajwe tena mle ndani, na mimi nitamheshimu, silitaji.

Mwezi haukupita, Zuwena akajifungua mtoto wa kike. Kwao mtoto hupewa jina siku ya saba. Usiku na mchana yule mtoto alilia, akikataa titi, akikataa bega, na nyumba nzima ikawa haina usingizi. Na ilipokaribia siku yenyewe, kila mmoja akaja chumbani kwa Zuwena kudai chake.

Bi Mize alikuja na udi. Alisema yeye ndiye aliyeijua sauti ya kweli na ya uwongo, na lau si masikio yake wangeikimbilia ile bee ya kulia, mtoto akafa kushoto. Mama yake aliitwa Kazija, na katika uzao wake wote hapana aliyelibeba jina hilo. Mwenyewe hakuwa na miaka mingi ya kungoja mjukuu mwingine.

Ussi alikuja na kikombe cha uji. Alisema aliyesikia hakwenda, na aliyekwenda asingerudi, kwa sababu njia ya kurudi ilikuwa honi, na honi ilikuwa mkono wake. Alitaka mtoto aitwe Sara, jina linalotamkika huku na linalotamkika kwao, lisije likachekwa skuli.

Warda alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni. Alisema anajua kuwa yeye ndiye aliyeuachia ule mkono, wala halifichi. Lakini ndiye aliyeingia majini, hali hajui kuogelea. Kisha akasema angependa mtoto aitwe Asya, nyumba hii ipate tena mtu wa kuitwa hivyo. Zuwena akaona kwamba atakuwa akiliita jina la marehemu mke wa mumewe asubuhi na jioni, maisha yake yote, kwa mapenzi. Na Warda, kabla ya kuondoka, akasema, "Nimekuomba, mama." Ilikuwa mara ya kwanza.

Wa mwisho kuingia alikuwa Nassor. Hakuomba kitu. Alipanda kitandani, akamwinamia ndugu yake aliyekuwa akilia mpaka uso umekuwa mwekundu, akamnong'oneza sikioni jina moja. Mtoto akanyamaza. Akafumbua macho, akageuza shingo yake changa, akatazama dirishani, nje, upande wa magharibi, kama mtu aliyesikia anaitwa.

"Yeye ndiye aliyenibeba," Nassor alisema. "Warda alinitoa kwake."

Zuwena alimfunika mtoto, akalivuta pazia. Nadhiri aliitamka kwa kinywa chake, mbele ya watu na mbele ya asiyekuwa mtu. Alisema yeyote. Na asubuhi yake ilikuwa ndiyo siku ya saba, mbuzi ameshanunuliwa, majirani wameshaalikwa, na kila mmoja mle ndani anamngoja afungue mdomo.

Basi nyinyi mliokaa hapa mkanisikiliza: yuko aliyesikia, yuko aliyeonyesha njia kwa honi, yuko aliyepoteza kisha akaingia majini, na yuko aliyempakata mtoto asizame. Je, kati yao, ni nani aliyestahili kumpa mtoto jina?